Saa Themanini na Nane

Majirani wa mtaa wa Singe walimwita Kapteni, ingawa wengi wao hawakujua alikuwa kapteni wa nini. Fundi pikipiki wa pale njia panda alikuwa na hakika kwamba mzee yule aliwahi kuchezea timu ya mkoa. Wengine walisema jeshi. Sadock alikuwa ameacha kuwasahihisha watu siku nyingi. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha urubani, akawapeleka angani vijana ambao leo wanarusha ndege kubwa hadi nchi ambazo yeye hajazikanyaga. Kisha akaja kukaa Babati, kwa sababu mkewe Bernadina alikuwa mtu wa huku, wa milima ya Mbulu, na alitaka kuzeekea karibu na ndugu zake. Bernadina hakuzeeka. Alifariki miaka mitano iliyopita, mwezi wa tano, na Sadock, mtu wa Mbeya, akabaki katika nyumba ya vyumba vitatu, kwenye mji ambao watu walimfahamu tu kama mume wa marehemu.

Siku zake zilifanana. Akiamka aliwasha redio, si kwa ajili ya habari, bali ili kuwe na sauti ndani ya nyumba. Alikunywa chai, akatembea hadi kwenye shamba lake la mbaazi upande wa Mutuka, akarudi, akapika chakula cha mtu mmoja. Jioni jirani yake Kandida alimletea maziwa, wakasalimiana pale mlangoni, akaenda zake. Binti yake, Vailet, alipiga simu kutoka Mwanza kila Jumapili, na simu zenyewe zilikuwa fupi maana watoto wake walikuwa wakigombana nyuma yake. Kuna siku Sadock aligundua kuwa ni saa kumi jioni na hajatamka neno hata moja tangu asubuhi. Akakohoa kidogo, ahakikishe kama sauti ipo.

Ndiyo maana Alhamisi moja ya mwezi wa nane, simu yake ilipoita na namba ikawa ngeni, aliipokea haraka kuliko alivyokusudia.

"Shikamoo, mwalimu," alisema mwanamke. "Sijui kama utanikumbuka. Ni Jacqueline."

"Marahaba. Jacqueline wa kutua mara tatu?"

Jacqueline akacheka. Siku yake ya kwanza kutua bila kusaidiwa, ndege ilidunda mara tatu kabla ya kukaa chini, na Sadock akamwambia, "Umetua mara tatu, lakini nitakuandikia moja." Hilo lilikuwa miaka minane iliyopita. Tangu siku aliyopata leseni, Jacqueline hakuwa amempigia hata mara moja. Sadock aliliwaza hilo kwa dakika moja hivi, halafu akaliacha.

"Nataka kuja kukuona, mwalimu. Kama hutajali."

"Njoo hata kesho."

Alikuja Jumamosi. Siku moja kabla, Sadock alikwenda Maisaka kununua kuku, akafua mapazia ya chumba cha Vailet, akamwomba Kandida amsaidie kupika.

"Mgeni gani huyo, Baba Vailet, mpaka unafua mapazia?" aliuliza Kandida.

"Mwanafunzi wangu."

"Wa shule gani?"

"Ya kurusha ndege, Mama Rogathe."

Kandida akacheka, akidhani anatania, akaenda kuleta vitunguu.

Basi la Arusha lilitegemewa saa sita mchana. Sadock alifika stendi saa nne. Jacqueline aliposhuka, Sadock alimtambua kwa jinsi alivyotazama juu kwanza, mawinguni, kabla ya kutazama watu. Alikuwa amekonda. Umri wake sasa ulikuwa miaka thelathini na mmoja, na kwenye pembe za macho kulikuwa na mikunjo midogo ya mtu anayelala vibaya.

Walikula, wakazungumza, wakazungumza tena. Sadock alikuwa amesahau raha ya kuongea na mtu anayeelewa. Alipotaja upepo wa ubavuni, mwenzake hakuuliza ni upepo gani. Alipoeleza jinsi hewa inavyoporomoka nyuma ya mlima Kwaraa mchana wa jua kali, Jacqueline alinyoosha kiganja, akakiinamisha kama bawa, akasema, "Unaingia kwa pembeni, siyo?" na Sadock akasema, "Hasa." Alisikia sauti yake mwenyewe imechangamka, akaona haya kidogo.

Jacqueline naye alieleza yake. Leseni alipoipata alikuwa na saa mia mbili angani, basi. Alidhani mlango umefunguka. Kumbe kila kampuni aliyoiendea ilimwuliza swali lile lile: una saa ngapi? Wa saa mia mbili hatumhitaji, njoo ukiwa na mia tano. Na hizo mia tano utazipata wapi kama hakuna anayekupa ndege? Kukodi ndege kwa saa moja tu kulizidi mshahara wake wa mwezi. Kwa miaka mitatu alikata tiketi kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, akiwaangalia marubani wakipita na mabegi yao. Baadaye akapata kibarua cha kupeleka watalii mbugani kwa ndege ndogo, akaanza kujaza kitabu chake cha saa polepole, hadi kampuni ile ilipopunguza ndege na wafanyakazi.

"Sasa nimefika mia nne kumi na mbili," alisema.

"Si haba."

"Si haba, lakini si mia tano, mwalimu."

Jumapili walikwenda kanisani pamoja. Waumini wa Kilutheri wa pale waligeuka kumtazama Kapteni akiwa na mtu pembeni yake kwenye benchi, na Sadock alimtambulisha kwa kila aliyeuliza na kwa wengine ambao hawakuuliza. Mchana walikaa uani kupura mbaazi. Jacqueline alivua viatu, akajifunga kanga ya zamani ya Vailet, akashika fimbo. Vumbi la maganda liliwajaa kichwani. Katikati ya kazi akasema, bila kumtazama, "Mama alipofariki baba alioa, ana familia nyingine. Nikienda pale nakuwa mgeni. Nikipata kazi ya maana, mwalimu, likizo zangu nitakuja huku. Kama utanivumilia."

"Chumba kipo," alisema Sadock. Akavuta fungu jingine la mbaazi katikati.

Jumatatu asubuhi, baada ya chai, Jacqueline alileta kitabu chake cha saa mezani.

Sadock alikifungua kwa shauku. Kila rubani ana kitabu cha namna hiyo: tarehe, ndege gani, kutoka wapi hadi wapi, muda gani, nani alikuwa naye, na saini pale inapohitajika. Kurasa za mwanzo zilikuwa na mwandiko wake yeye mwenyewe. Alizipitia taratibu, akitabasamu hapa na pale. Alipofika nyuma akakuta kurasa nne zilizojazwa kwa penseli. Ndege ilikuwa ile nyeupe ya chuo chao cha zamani. Kazi: mazoezi ya ziada. Mwalimu: Sadock. Nafasi ya saini ilikuwa wazi, mstari baada ya mstari.

"Hizi ni nini?"

"Mwalimu, nina ombi." Jacqueline alikuwa ameweka mikono chini ya meza. "Kuna kampuni inatafuta marubani wasaidizi kumi na wawili. Wanapokea maombi mpaka tarehe thelathini. Wanataka saa mia tano. Nimepungukiwa themanini na nane. Chuo kilishafungwa, makaratasi yake hakuna anayejua yako wapi, na ndege yenyewe iliuzwa vipuri. Hakuna wa kuhoji. Ukisaini, nitazipitishia wino."

Sadock alirudi kwenye zile kurasa. Macho yake yalikuwa yamesimama kwenye mstari mmoja. Tarehe kumi na tisa Aprili, kuruka na kutua, saa mbili, mwalimu Sadock. Ulikuwa ni mwaka ule. Aliikumbuka Aprili ile yote. Kuanzia Machi alikuwa ameacha kazi, analala kwenye kiti kando ya kitanda cha Bernadina wodini, anamlisha uji kwa kijiko cha chai kwa sababu kijiko kikubwa kilimshinda. Tangu Machi ile hakuikaribia tena ndege yoyote.

"Tarehe hizi," alisema, "mimi nilikuwa hospitali. Mke wangu alikuwa anaumwa."

Jacqueline alifunika mdomo. "Samahani, mwalimu. Sikujua ni mwaka huo. Nisamehe sana." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi tunaweza kubadilisha tarehe."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayejaribu kurekebisha kosa lake. Sadock alifunga kitabu.

"Niache kidogo," alisema. "Nakwenda shambani."

Shambani hakukuwa na kazi. Mbaazi zilikuwa zimekatwa zote, yamebaki mashina. Alikaa kwenye kichuguu, akalitazama Ziwa Babati kule chini likimeta, na akajaribu kuwa mkweli nafsini mwake. Saa themanini na nane. Binti anajua kazi, hilo hakuwa na shaka nalo. Mikono yake ilikuwa laini kuliko ya wavulana wengi aliowafundisha. Angekaa kiti cha kulia, kushoto kwake kapteni mwenye saa elfu saba, ndege yenyewe ina mitambo ya kujiongoza. Nani angeumia? Na yeye Sadock angepata mtu wa kulala kile chumba, wa kula naye, wa kunyoosha kiganja kama bawa. Hilo ndilo lililomtisha. Alijiona anatafuta sababu za kusaini, na zote zilikuwa na sura ya Jacqueline amekaa uani.

Akakumbuka siku moja alipokuwa kijana, amefikisha saa kama mia nne sitini hivi, yuko peke yake juu ya milima hii hii akitokea Singida. Ilikuwa asubuhi ya ubaridi na unyevu. Injini ikaanza kupoteza nguvu. Alijua ni barafu kwenye kabureta, akavuta mkono wa kuipasha joto, na injini ikazidi kutetemeka na kukohoa hadi meno yake yakagongana. Mwili mzima ulimwambia arudishe ule mkono. Lakini wiki sita kabla, kwenye safari ya kawaida kabisa, aliwahi kuona kidogo ya hali ile, akajua kwamba barafu ikiyeyuka injini hunywa maji kwanza, inalalamika, halafu inapona. Akauacha mkono pale pale. Akahesabu hadi thelathini na moja. Injini ikapona. Kama ile safari ya kawaida ingekuwa imeandikwa kwa penseli tu, bila kurushwa, asingekuwa amekaa kwenye kichuguu hiki.

Aliporudi, Jacqueline alikuwa amefagia uani na kuchemsha maji. Sadock alipita moja kwa moja chumbani, akatoka na vitabu vyake mwenyewe vya saa, vitatu. Wakakaa mezani. Alifuatilia mwaka aliomfundisha Jacqueline mstari kwa mstari, kidole kwenye kitabu chake, kidole kingine kwenye cha binti, kwa karibu saa nzima. Alikuta safari moja ambayo Jacqueline alisahau kuiandika, siku waliyopeleka ndege Dodoma kwa matengenezo. Saa tatu kamili.

"Hizi ni zako," alisema. "Ziandike, nitasaini."

"Tatu?"

"Ndizo nilizoziona."

Jacqueline aliziandika. Mkono wake ulikuwa imara. Sadock akasaini, akausukuma ule ukurasa upande wake.

"Na zile nyingine, mwalimu?"

"Zile siwezi."

"Wenzangu wamefanya hivyo. Nawajua kwa majina. Wako kazini leo."

"Najua."

"Basi?"

"Basi sisaini, Jacqueline. Kuna rafiki yangu, anaitwa Cornel. Ana ndege ndogo mbili, anafanya kazi za kupima ardhi na kuhesabu wanyama, huko Tabora, Katavi, popote. Malipo si mazuri na watu hawadumu. Ukienda kwake, saa themanini na tano zinaisha kwa miezi michache."

"Tarehe thelathini ni wiki ijayo, mwalimu. Nafasi kama hizi zinatoka baada ya miaka. Nikikosa hii nitakuwa na thelathini na tatu, thelathini na nne, nashindana na watoto wa miaka ishirini na mbili." Alivuta pumzi. "Nilidhani wewe utanielewa."

"Nakuelewa."

"Hapana," alisema Jacqueline. Hakupandisha sauti. Aliinuka, akakusanya kalamu na penseli, akakunja kanga ya Vailet vizuri na kuiweka juu ya kiti.

Alikuwa amesema angekaa hadi Jumatano. Akaondoka mchana ule ule. Sadock alitaka kumsindikiza hadi stendi, Jacqueline akasema asijisumbue, bajaji ziko nyingi. Alimpa mkono, akasema, "Asante kwa chakula, mwalimu," na bajaji ikageuka, ikateremka barabara ya vumbi.

Jioni Kandida alileta maziwa, akachungulia nyuma ya mzee.

"Mwanao yuko wapi?"

"Ameitwa kazini ghafla," alisema Sadock.

"Pole. Nyumba ilikuwa imechangamka."

Sadock alimtumia Jacqueline ujumbe wenye namba ya Cornel. Haukujibiwa. Alipiga simu mara mbili. Iliita hadi ikakatika. Tarehe thelathini alikaa nayo kutwa nzima kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini. Binti angeweza kumpata mwalimu mwingine wa kusaini, walikuwapo wa namna hiyo. Au angeweza kusaini mwenyewe. Saini ya Sadock alikuwa nayo, mbichi, kwenye ukurasa wa juu. Alijichukia kwa kuliwaza hilo, lakini akaendelea kuliwaza, shambani, kanisani, na pale alipokuwa akipika.

Mwishoni mwa Septemba simu ikaita akiwa anapakia mbaazi kwenye magunia.

"Naongea na Kapteni Sadock? Naitwa Devotha, natoka idara ya marubani." Akataja kampuni. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye orodha ndefu mbele yake. "Tunahakiki kumbukumbu za waombaji. Kuna mmoja amekutaja kama mwalimu wake. Jacqueline. Nina maswali mawili tu."

Sadock aliweka chini debe alilokuwa ameshika. Akakaa juu ya gunia. Aliona wazi kitakachofuata: yule mama atasoma saa mia na arobaini na kitu, na yeye atatakiwa kusema ndiyo au hapana. Ndiyo ingemfanya mwongo katika uzee wake. Hapana ingemnyang'anya binti leseni, siyo kazi tu. Hakujua angejibu nini. Baadaye alikiri moyoni kwamba kweli hakujua.

"Uliza, mama."

"Ameandika ameruka na wewe, au chini ya usimamizi wako, saa sitini na nne. Ni sahihi?"

Sitini na moja za zamani, na tatu za Dodoma.

"Ni sahihi," alisema Sadock. Ilibidi aseme mara ya pili, ya kwanza haikutoka vizuri. "Ni sahihi kabisa. Jumla yake ameandika ngapi?"

"Mia nne kumi na tano. Hazifiki tunazotaka, lakini maombi yote tunayahakiki. Kuna waliofika mia tano ambao walimu wao hawapatikani kwenye simu." Alicheka kidogo, kicheko cha kuchoka. "Swali la pili. Ungempa ndege yako?"

"Ningempa, na ningekaa nyuma nilale."

"Asante, Kapteni. Kazi njema."

"Kwa hiyo mtamchukua?"

"Kwa mia nne kumi na tano, siwezi kukudanganya, mzee wangu," alisema Devotha, akaaga.

Sadock alikaa juu ya gunia muda mrefu, mbaazi zikimchoma mapajani. Kisha akampigia Jacqueline. Alitegemea iite hadi ikatike. Ikapokelewa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wamenipigia leo, wale wa kampuni."

"Aha. Nilifuta zile za penseli. Nilifuta kwenye basi, tukiwa Minjingu, hata Arusha hatujafika. Nilikuwa na hasira sana na wewe."

"Bado?"

"Kidogo." Nyuma yake ilisikika sauti ya chuma kikigongwa, na mtu akiita jina. "Niko Tabora. Kwa Cornel. Nimeanza wiki iliyopita, tunapima ardhi. Kutwa unakwenda mbele na kurudi kama unalima, mstari hadi mstari. Sina hata mtu wa kuongea naye humo ndani."

"Sasa una ngapi?"

"Mia nne thelathini na sita."

"Kile kindege chake cha bluu, breki zinavuta kushoto."

"Nimeshaona," alisema Jacqueline, na sauti yake ikalegea kidogo, ikafanana na ile ya uani. "Siku ya kwanza nusura niingie majanini."

Sadock alitaka kumwambia mengi. Kwamba chumba kipo vile vile. Kwamba Krismasi haiko mbali na kuna basi la moja kwa moja kutoka Tabora. Alitaka kumweleza kwamba alipoulizwa swali lile, kabla hajasikia sitini na nne, hakujua angesema nini, na kwamba jambo hilo limemnyima amani. Badala yake akasema, "Ukipata nafasi ya kupita Babati, pita."

"Tutaona, mwalimu."

Ndivyo alivyokuwa akiwajibu wanafunzi waliomwuliza kama watafaulu, wale ambao hakutaka kuwavunja moyo na hakutaka kuwadanganya. Tutaona. Hakuwahi kujua jinsi neno hilo linavyosikika upande wa pili.

"Haya, binti yangu. Ruka salama."

"Nimeitwa, ndege iko tayari," alisema Jacqueline. Simu haikukatika papo hapo. Sadock alisikia hatua zake kwenye kokoto, kisha mlango mdogo wa ndege ukifungwa, na mtu akisema jambo kuhusu mafuta. Akaendelea kushikilia simu sikioni hadi injini ilipowaka na mawasiliano yakakatika yenyewe.

Jua lilikuwa bado kali. Alifunga gunia lile kwa kamba, akavuta la pili.